Mbaazi zinanyauka zikianza kutoa maua: kabla hujanunua dawa nyingine, soma hapa

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma lote, nalirudia kwa kifupi ili na wengine waelewe tunaongelea nini. Una shamba la mbaazi, mwaka wa kwanza zilikubali vizuri, mwaka wa pili ukaona mimea michache inasinyaa ukadhani ni jua, na msimu huu zimefika kwenye maua afu zikaanza kunyauka kwa makundi makundi wakati udongo bado una unyevu. Umepiga dawa ya fangasi kwenye majani, umerudia, hamna kitu. Unauliza ni dawa gani kali zaidi, na kama haisaidii basi ung'oe mbaazi upande maharage palepale.

Nianze na la dawa maana ndo linakula hela za watu. Kama huu ni mnyauko wa fuzari, yani ule unaoletwa na fangasi wa udongoni anayeitwa fuzari (Fusarium), na kwa maelezo yako unafanana nao sana, hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya mmea ulioshaanza kunyauka. Hakuna, hata uongeze dozi. Huyu fangasi hakai juu ya jani. Anaingilia kwenye ncha za mizizi midogo au kwenye kidonda chochote cha mzizi, anapenya mpaka kwenye mirija inayopandisha maji, anazaliana humo ndani, na mmea wenyewe ukijaribu kujitetea unajaza gundi na vizuizi kwenye mirija hiyo hiyo, kwa hiyo maji yapo chini lakini hayapandi. Ndo maana unakuta udongo una unyevu na mmea unakufa kiu. Na dawa nyingi zinazosemwa zinaingia ndani ya mmea, ukizipuliza kwenye jani zinaelekea kwenye ncha za majani, hazishuki mizizini aliko huyo unayemtafuta. Unaosha majani tu.

Lakini kabla hatujaenda mbali lazima uwe na uhakika, manake mimea inanyauka kwa sababu nyingi na kila moja ina njia yake. Nenda shambani asubuhi, wakati jua halijawa kali, chagua mmea ulioanza kulegea ila haujakauka kabisa, usichukue uliokufa maana kwenye uliokufa utakuta kila aina ya ukungu na utachanganyikiwa. Angalia shina toka chini. Kwenye mbaazi zilizofikia maua mara nyingi utaona utepe wa rangi ya zambarau iliyokolea unaanzia usawa wa udongo unapanda juu upande mmoja wa shina, pembeni yake shina bado la kijani safi. Sasa chukua kisu ubandue ganda hapo kwenye utepe taratibu, chini yake mti unatakiwa uwe mweupe, ukikuta michirizi ya kahawia au inayoelekea weusi inafuata urefu wa shina kama mistari iliyochorwa, hapo jibu umelipata. Pasua na shina kwa urefu mpaka kwenye mzizi mkuu, utaiona michirizi ileile inaendelea chini. Mimea michanga inaweza isiwe na utepe wa nje kabisa lakini ndani michirizi ipo, kwa hiyo usitegemee macho ya nje peke yake. Na kuna ile inayonyauka tawi moja au upande mmoja tu, mingine inabaki kijani, hiyo mara nyingi ni mizizi ya pembeni ndo imeshikwa kabla ya mzizi mkuu.

Kwenye maharage picha ni tofauti kidogo, majani ya chini yanaanza kuwa ya njano, njano inapanda, mmea unadumaa, na ukipasua shina ndani kuna wekundu wa kahawia. Dengu zenyewe zinaweza kulala ghafla zikiwa bado kijani au zikawa njano polepole, inategemea na kabila la fangasi lililoko hapo, yani aina ndogo ndani ya fangasi yuleyule.

Fanya na jaribio la glasi ya maji. Kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda, huyo ni bakteria, sio fangasi, na maelezo yangu mengi ya chini hayatakuhusu. Maji yakibaki safi, bakteria mtoe kwenye hesabu. Afu chimba, usivute, chimba mizizi. Ukikuta shingo ya mmea ina utando mweupe wenye vidonge vidogo vya kahawia kama mbegu za haradali, huo ni uozo wa shingo. Ukikuta mzizi umeoza, umekauka, unakatika kirahisi, huo ni uozo wa mizizi. Ukikuta mchwa, unajua mwenyewe. Kwenye maharage machanga angalia kama shina limepasuka na kuvimba pale chini na kuna funza ndani, huyo ni inzi wa maharage. Na angalia mizizi kama ina uvimbe: vinundu vya raizobiamu, vile vizuri vinavyotengeneza nitrojeni, vinakaa pembeni ya mzizi, ukisukuma kwa kidole vinabanduka, ukikipasua kilicho hai ndani ni cha rangi ya waridi. Uvimbe wa minyoo fundo haubanduki kwa sababu ni mzizi wenyewe umevimba. Hili la minyoo usilipite haraka, inatoboa mizizi na kudhoofisha mmea, na shamba lenye minyoo fundo na fuzari kwa pamoja linaweza kuangusha hata mbegu ambayo ingestahimili fuzari peke yake.

Haya, tuseme umeona michirizi na maji yamebaki safi. Sasa elewa unashindana na nani, maana ukishalijua hili maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi. Mnyauko wa mbaazi unaletwa na Fusarium udum, ugonjwa wenyewe mtaalamu wa magonjwa ya mimea Butler aliuandika huko India tangu 1906, sio kitu kigeni. Ndugu zake wa karibu ni makundi ya Fusarium oxysporum, kuna la dengu, la maharage, la kunde, la njegere, la adesi, kila moja limejizoesha zao lake. Kwa hiyo fangasi anayeua mbaazi zako hatageuka kesho aue maharage. Hapo unaweza kusema basi nimepona napanda maharage palepale. Subiri kwanza. Fangasi hawa wana tabia ya kuingia kwenye mizizi ya mimea mingine na kuishi humo bila kuonyesha dalili yoyote, na kwa fangasi wa dengu hili lilishathibitishwa, aliwahi kukutwa kwenye mizizi ya adesi, njegere na hata mbaazi ambazo zinaonekana nzima kabisa. Yani unavuna vizuri, huoni ugonjwa, kumbe unamfuga. Zaidi ya hapo magonjwa ya uozo wa mizizi na minyoo fundo hayachagui sana, jamii kunde ukifuatisha na jamii kunde unayalisha hayo. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, maharage yatakupa mavuno ndio, lakini shamba hutakuwa umelisafisha. Kinachofaa hapo ni nafaka: mtama, mahindi, uwele.

Mtama naupenda kuliko zote kwa kesi ya mbaazi, na sio mapenzi yangu tu, majaribio ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, kule India yalionyesha kwamba mbaazi zilizochanganywa na mtama, au zilizopandwa baada ya msimu wa mtama, zilinyauka kidogo sana ukilinganisha na mbaazi juu ya mbaazi. Kwa hiyo hata kama eneo lako ni dogo na huwezi kuacha mbaazi kabisa, angalau usizipande peke yake, weka mistari ya mtama katikati.

Msimu mmoja wa nafaka unatosha? Unapunguza, haumalizi. Fangasi huyu akikosa mmea wa kumlisha anajifungia kwenye vijimbegu vyenye ganda nene, vinalala ndani ya udongo na ndani ya mabaki ya mizizi vikisubiri. Wa dengu anajulikana kukaa udongoni angalau miaka 6 bila dengu kupandwa. Wa mbaazi anadumu miaka kadhaa, hasa kwenye visiki na mizizi ya zamani iliyobaki chini. Ndo maana nasema hesabu zako ziwe za miaka, sio za msimu. Ukiweza miaka mitatu au zaidi ya nafaka kwenye kipande kilichoathirika sana fanya hivyo, ukishindwa basi hakikisha mbaazi inaporudi inarudi na mbegu kinzani, yani inayoustahimili ugonjwa huu, na imechanganywa na nafaka.

Na hapa kuna kitu wakulima wengi wa mbaazi wanafanya kinawaumiza: kukata mashina baada ya mavuno na kuacha visiki vichipue tena mwaka wa pili, kwa sababu mbaazi inakubali kuishi zaidi ya mwaka. Kwenye shamba safi haina neno sana. Kwenye shamba lenye mnyauko unampa fangasi mizizi hai mwaka mzima bila kupumzika. Acha kabisa. Ukivuna ng'oa na mizizi, kwa jembe sio kwa kukata juu, toa shambani, kausha uchome au tumia kama kuni huko nje ya shamba. Mimea inayonyauka sasa hivi ing'oe mapema ukiiona, usisubiri ikauke ianze kudondosha mabaki. Usiitupe kwenye mboji ya kawaida ile ya kurundika tu ikakaa. Mboji inayopanda joto kufikia nyuzi 55 na zaidi na kugeuzwa geuzwa ili kila sehemu ipate hilo joto inaweza kuua, lakini kama huna uhakika na joto la rundo lako ni bora uchome.

Kabla hujang'oa lakini, weka alama. Chukua vijiti, zunguka shamba, kila palipo na kundi la mimea inayonyauka chomeka vijiti kuzunguka hilo eneo, afu chora ramani kwenye daftari hata kama ni mbaya. Mnyauko huu unaanza kwa viraka na viraka vinatanuka kufuata mizizi, maji ya mvua yanapotiririka, na jembe linapopita. Mwakani utataka kujua kiraka kimekua kiasi gani. Na kuanzia sasa palizi ianzie sehemu safi iishie kwenye viraka, ukimaliza huko osha udongo wote kwenye jembe na viatu kabla hujaingia shamba lingine. Trekta la kukodi nalo ni hivyo hivyo, mwambie dereva aje ameosha, asikasirike. Na mmea ukishafikia maua palilia juu juu, usichimbe karibu na shina, kila mzizi unaoukata ni mlango umemfungulia.

Sasa mbegu, na hapa nataka unisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Silaha kubwa kuliko zote kwenye huu ugonjwa ni mbegu kinzani, hata ukifanya mengine yote niliyoandika halafu ukapanda mbegu dhaifu kwenye udongo mchafu utalia. Kwa mbaazi zipo zilizofanyiwa kazi miaka mingi, mfano ICP 8863 huko India, na ICEAP 00040 ambayo ilitolewa kwa ajili ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Uliza jina au namba ya mbegu unapoishi, na usikubali kuambiwa "hii ni nzuri" tu, uliza nzuri kwa nini, inastahimili mnyauko wa fuzari au inastahimili ukame? Ni vitu viwili tofauti na wauzaji wanavichanganya kila siku.

Ila mbegu kinzani nayo sio ya milele wala sio ya kila mahali. Fangasi ana makabila. Wa dengu anajulikana kuwa na makabila 8, na mbegu inayolizuia moja inaweza kulala chali mbele ya lingine. Hata kwa mbaazi imeshatokea mbegu kusimama imara nchi moja na kunyauka nchi nyingine. Kwa hiyo ukipata mbegu mpya usiipe shamba lote siku ya kwanza, na hata ikikubali endelea kuzungusha mazao, ukiitegemea yenyewe miaka nenda rudi unamfundisha fangasi jinsi ya kuipita.

Usitunze mbegu kutoka shamba lenye ugonjwa. Najua inauma, hasa mmea uliozaa vizuri upande mmoja na kunyauka upande mwingine, unaona punje nzima kabisa unasema nitaweka. Usiweke. Fangasi huyu anaweza kusafiri na punje, ndani au kwa vumbi lililoganda juu yake, na shamba lako jipya ambalo bado ni safi utakuwa umeliharibu kwa mkono wako mwenyewe. Hizo kula.

Baada ya hapo ndo tunaongelea vya kusaidia, navyo viko vingi lakini vyote ni wasaidizi, usigeuze msaidizi kuwa bosi. Trikodema, fangasi rafiki anayemshambulia fuzari na kumnyang'anya nafasi, inafanya kazi ya kueleweka ukiipa mazingira. Inapakwa kwenye mbegu, kawaida kati ya gramu 4 na 10 kwa kilo ya mbegu kutegemea na bidhaa, fuata lebo. Njia ninayoipendekeza zaidi ni kuichanganya kwenye samadi iliyoiva au mboji, uiweke kivulini, uinyunyizie maji iwe na unyevu, uifunike wiki moja mbili ikizaliana, ndo uipeleke kwenye mistari ya kupandia. Ukiitupa kwenye udongo mkavu usio na mboji umeipeleka kufa. Angalia na tarehe ya kuisha muda, hiki ni kiumbe hai, ikikaa dukani juani miezi mingi unanunua unga tu. Kuna na bakteria rafiki, Bacillus subtilis na Pseudomonas fluorescens, matumizi yanafanana.

Dawa ya viwandani ya kupaka mbegu, kama thiramu, ina kazi moja halali: kusafisha punje na kumlinda mche siku za mwanzo. Haimlindi mbaazi mpaka maua, huko ni mbali mno. Na ukipaka dawa ya fangasi usipake trikodema juu yake ukategemea yote yafanye kazi, dawa haijui fangasi rafiki wala adui. Chagua moja. Ukitumia raizobiamu basi hiyo ipake mwisho kabisa, kivulini, na upande siku hiyo hiyo.

Udongo wenyewe upime. Fuzari anapenda udongo wenye tindikali, na mwepesi wa kichanga, ukikuta pH (kipimo cha tindikali, ikiwa chini tindikali ni nyingi) iko chini ipandishe kwa chokaa polepole kuelekea 6.5 hadi 7, sio kwa kukisia, kwa kipimo. Mbolea za nitrojeni punguza, hasa zile za amonia, zinajulikana kumnenepesha fuzari kwenye mazao mengi, na mbaazi yenye vinundu vizuri haina shida ya kununuliwa nitrojeni. Samadi iliyoiva na mboji weka kila msimu bila kuchoka, udongo wenye viumbe wengi unambana. Kuna udongo kule Châteaurenard, Ufaransa, ambao wanasayansi walikuta mnyauko wa fuzari unashindwa kabisa kushamiri kwa sababu ya viumbe waliomo, wakiwemo fuzari wengine wasio na madhara, na ukiuchemsha udongo huo ile kinga inapotea.

Kuna na kufunika udongo kwa nailoni angavu wakati wa jua kali, njia aliyoianzisha mtafiti Katan na wenzake Israeli, waliichapisha 1976. Unalowesha udongo, unatandaza nailoni inayopitisha mwanga, sio nyeusi, unafukia kingo zote hewa isitoke, unaacha wiki 4 mpaka 6. Inafanya kazi lakini joto linashuka kadiri unavyokwenda chini, na mzizi wa mbaazi unakwenda chini sana, kwa hiyo ifanye kwenye kitalu au kwenye kiraka kidogo unachotaka kukizuia kisitanuke, kwa shamba zima gharama haikubali.

Msimu ujao basi fanya hivi. Shamba kubwa weka mtama. Kwenye kiraka kibaya kuliko vyote, kile vijiti vyako vinapokuonyesha, tenga kipande kidogo, pata mbegu tatu au nne tofauti za mbaazi hata kilo moja moja, panda kila moja mistari yake miwili, na kati yake rudia mstari wa mbegu yako ya zamani ambayo unajua inanyauka. Mstari huo wa zamani usiupuuze, ndo unaokwambia kama ugonjwa ulikuwepo kweli hapo au ulibahatika tu. Hesabu mimea iliyoota, uhesabu tena wakati wa maua, na uhesabu mara ya mwisho maganda ya mbaazi yakijaa punje, bandua ganda la shina la kila mmea uliokufa uone michirizi kabla hujaandika kuwa ni fuzari. Mbegu ya zamani ikinyauka na ile mpya jirani yake ikasimama mpaka maganda yenye punje yanakauka, hiyo mpya ndo uitafutie mbegu safi ya kutosha kwa msimu wa mbaazi utakaofuata. Punje za kwenye kipande hicho cha majaribio nazo ni za jikoni, usipande hata moja.